Miguu au Nafuu

Watu wa Chechemeo hawaulizani habari za asubuhi. Huulizana, "Unaumwa wapi?" Anayeulizwa hutaja mahali: goti, kiuno, kisigino. Akishataja, hupewa njia akapita.

Jinsi nilivyofika nchi hiyo si jambo la kuwachosha nalo. Yatosha kusema nilifika kwa miguu yangu, nimembeba mwanangu Tunu mgongoni, na nilipofika langoni miguu hiyo hiyo ikageuka kosa.

"Unaumwa wapi, mama?" aliniuliza askari wa lango.

"Siumwi, namshukuru Mungu."

Alinitazama kama mtu aliyeona nimetoka nyumbani bila nguo. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na umekuja unatembea?"

"Kama unavyoniona."

Akapiga filimbi, ukaletwa mkokoteni. Wakati huo Tunu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, alishateleza mgongoni kwangu na kushika njia, mikono juu, anayumba kama mlevi wa sikukuu. Askari akamnyooshea kidole. "Na huyo?"

"Anaota meno," nikasema.

"Ah! Huyo apite."

Basi nikaingia Chechemeo nimekaa juu ya mkokoteni kama gunia la mkaa, mwanangu akitangulia kwa miguu.

Nilikuwa nimeitwa na Siwema. Huyu nilisoma naye darasa la jioni, tukigawana kitabu kimoja na benchi moja, kila mmoja akimkanyaga mwenzake asisinzie. Baadaye akaolewa huko, na sasa alikuwa na mimba ya pili iliyokwisha kukomaa. Aliniletea ujumbe mfupi: "Njoo shoga yangu. Safari hii sitaki kuwa peke yangu."

Alinipokea mlangoni kwake akichechemea, tumbo mbele. Kitu cha kwanza alichonipa hakikuwa maji, bali kokoto.

"Tia kiatuni," akasema. "Kisha ushuke kwenye mkokoteni."

Ndipo aliponieleza Sheria ya Mguu Halali. Ni sheria fupi: mguu ni wa anayeumwa. Asiyeumwa hana haki ya kutembea, na akitaka kwenda mahali hubebwa. Kwa kuwa hakuna anayependa kubebwa maisha yake yote, kila mlango wa Chechemeo una kikapu cha kokoto, kama kwingine walivyo na mtungi wa kunawia miguu. Mtu hutia moja kiatuni, akaumia kidogo, akawa na ruhusa. Watoto hutiwa ya kwanza kwa ngoma na pilau. Bwana harusi huvaa kubwa ili ukweni wamheshimu. Na nilikuja kuona kwamba wakubwa wa nchi huvaa kokoto za pamba, zilizopakwa rangi ya jiwe. Hao ndio wanaogumia kuliko wote.

Nilivaa ya kwangu. Sikuweza kutulia nayo. Nikisimama inachoma, nikikaa naikumbuka.

"Sasa nisikilize," Siwema akaniambia tukiwa jikoni, yeye akizunguka meza maana alikuwa hawezi kukaa. "Hapa kuna sindano ya ganzi. Unachomwa mgongoni ukiwa na uchungu, maumivu yanashuka, unapumua. Nilichomwa nilipomzaa wa kwanza. Lakini maumivu yakiondoka, miguu nayo inaondoka. Kisheria, nasema. Walinivua viatu wakavitundika ukutani, wakanilaza chali, wakaweka askari mlangoni. Nililala hapo toka jua linachomoza hadi linazama, shoga. Kila kiungo kinaniambia geuka, inuka, nenda. Miguu ninayo, naiona ile pale mwisho wa kitanda, naitikisa. Nikamwambia nesi, mbona inatikisika? Akaniambia nisiitikise mbele za watu."

"Ukaichukia sindano?"

"Naichukiaje? Sindano iliniokoa. Nilichochukia ni kulazwa." Alishika kiuno. "Safari hii nataka vyote viwili. Nichomwe, na nitembee."

Kutoka uani ikasikika sauti: "Vyote viwili anataka! Na kijiko cha dhahabu hakitaki?"

Huyo alikuwa Bi. Kidawa, mama mkwe wake, mwanamke mrefu mwenye mchechemeo wa fahari, ambao watu walisema hakuna wa kulingana nao katika mtaa wote. Aliingia, akaitikia salamu zangu, akakaa.

"Mama Tunu, karibu. Mwambie mwenzako. Hapa mtu anachagua moja: miguu au nafuu. Mimi nimezaa watoto saba, na wote nimewazaa nikitembea, sikuchomwa hata na mwiba. Nilitembea nalia, nalia natembea. Ndiyo uzazi huo."

"Na mimi nataka kutembea, mama," Siwema akasema kwa adabu. "Kulia ndiko sitaki."

"Utembee bila kulia? Uende wapi hivyo, sokoni?"

Nilicheka, nikajizuia. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mwanamke anayekamatwa Chechemeo akitembea bila maumivu hufungiwa miguu mwaka mzima: hubebwa kwa mkokoteni kila aendako, na asiye na miguu halali haruhusiwi kumfundisha mtoto kutembea. Mtoto wake hufundishwa na watu wa serikali. Siwema alimtazama Tunu, ambaye wakati huo alikuwa ameshika kanga ya Bi. Kidawa na kujivuta hatua kwa hatua kwenda kwake. Akanigeukia, macho yake yamejaa. "Unaona? Hicho ndicho watakachoninyima."

Kwa hiyo alikuwa amepeleka ombi Baraza la Nyayo kabla siku zake hazijafika, na Baraza likakubali kumsikiliza. Niliandamana naye.

Ukumbi wa Baraza una pande mbili. Upande mmoja hukaa Walala, wanaoshikilia kwamba mama aliyechomwa sindano lazima alale. Upande wa pili hukaa Watembezi, wanaoshikilia kwamba mama lazima atembee, na kwa hiyo asichomwe. Wamegombana tangu babu zao. Nilipowasikiliza kwa muda niligundua kuwa kuna jambo moja wanakubaliana kwa moyo mmoja: visichanganywe.

Mzee wa Walala alianza kwa historia. Zamani, sindano ya kwanza ilipoletwa nchini, ilikuwa nzito sana. Mama wa kwanza kuchomwa alijaribu kushuka kitandani, magoti yakamsaliti, akaanguka akavunjika jino. Baraza la wakati huo likapiga marufuku miguu. Kutoka hapo, alieleza bila haya, sindano imepunguzwa uzito mara nyingi, hadi wengine waliochomwa huweza kusimama.

"Na sheria je, imepunguzwa?" Siwema akauliza.

"Sheria haipimwi uzito, binti yangu. Kaa."

Mtembezi mmoja akasimama, akigumia kwa sauti ili haki yake ya kusimama ionekane. "Mimi nauliza swali dogo. Mtoto hutokaje? Hufuata maumivu. Tukiyaondoa maumivu, kisha mama naye anazurura huku na huko, mtoto atajua mlango ni upi?"

Makofi. Mwingine akadakia: "Na sisi tutajuaje kama anazaa au anapunga upepo?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wengi wao walikuwa wanaume, na hao wanawake wachache walicheka wakitazama chini. Mimi nilikumbuka kitanda nilichomzalia Tunu, huko kwetu kusiko na kokoto wala Baraza, na sauti iliyokuwa ikiniambia, "Lala hapo, usisumbue." Sikuwaza kuuliza kwa nini.

Siwema alisimama. "Wazee wangu, siombi kitu kikubwa. Siku hiyo nikishachomwa, miguu yangu iulizwe. Niambiwe niinue mguu huu, niinue huu, nikunje goti, nisukume kiganja cha nesi kwa unyayo. Nipimwe presha nikiwa nimekaa, nipimwe tena nikiwa nimesimama, asikilizwe mtoto. Nikishindwa lolote, nitalala chali bila ugomvi. Nikiweza, nishikwe mkono nitembee. Siahidi kwamba nitazaa haraka zaidi. Nataka tu nisihangaike nimelala."

Nilidhani amewapata. Kisha akainuka Bwana Ngwali, Msimamizi wa Miguu wa nchi nzima, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye kazi yake ni kukaa penye milango mikubwa na kuuliza watu wanaumwa wapi.

"Maneno mazuri," akasema. "Ila fomu ya kuuliza miguu hatuna. Tuna ya kumuuliza mtu anaumwa wapi."

Wakajadili hilo mpaka adhuhuri, na mwisho wakatoa uamuzi ambao wote waliusifu kwa hekima. Siwema achomwe sindano, ili Walala waridhike kwamba nafuu haikukataliwa. Kisha avae kiatu chenye kokoto, ili aumwe mguuni, na kwa maumivu hayo apate haki ya kutembea. Bwana Ngwali mwenyewe atakuwa mwisho wa ukumbi wa Nyumba ya Wazazi, na kila akimfikia atamuuliza.

"Wamekupa," nikamnong'oneza tukitoka.

Siwema alikuwa akitembea mbele yangu upesi upesi, hata mchechemeo alisahau. "Wamenipa nini? Wameniondolea jiwe kubwa wakanipa dogo."

Uchungu ulimshika siku chache baadaye, asubuhi, akiwa anasuka nywele za binti yake wa kwanza. Alimaliza msuko aliouanza, akasema, "Haya, twende." Mumewe, Mbaraka, alibaki na binti. Tunu nilimfunga mgongoni. Bi. Kidawa alikuja nasi bila kualikwa, ameshika kifurushi kidogo cha kitambaa.

Ndani ya leba uchungu ulipanda haraka. Siwema alizunguka kitanda, akaegemea ukuta, akaondoka ukutani, akanishika shingo, akaniachia. Mimi nilimfuata kama kivuli, na Tunu mgongoni akilalamika kama anayeona hatufiki. Kila wimbi lilipokuja aliuma kanga. Mwisho akasema, "Sasa. Nichomeni sasa."

Daktari wa ganzi akaja, akamkunja mgongo kama paka, akamchoma sindano nyepesi. Hatukukaa sana nikaona mabega ya rafiki yangu yanashuka. Alifumbua macho.

"Ikoje?" nikauliza.

"Bado nayasikia yakija. Lakini ni kama mtu anagonga mlango wa jirani."

Kisha akamgeukia nesi, msichana aitwaye Salha. "Niulize miguu."

Salha akatazama mlango. "Dada Siwema, hilo halimo."

"Ulifundishwa?"

"Nilifundishwa. Halafu nikaambiwa nisahau."

"Basi kumbuka kidogo."

Salha akafunga pazia. Alianza na mguu wa kulia, akarudi wa kulia tena kwa kuchanganyikiwa, tukacheka wote watatu, ikawa nafuu. Siwema akainua mguu wa kulia, ukapanda. Wa kushoto, ukapanda taratibu, ukakaa juu. Akakunja magoti. Akasukuma kiganja cha Salha hadi Salha akarudi nyuma. Presha akiwa amekaa, presha akiwa amesimama, mapigo ya mtoto: yote sawa. Nilimtazama Siwema akiiangalia miguu yake mwenyewe kama mtu aliyeonana na ndugu zake baada ya msiba.

Bi. Kidawa alikuwa amekaa pembeni muda wote. Sasa akafungua kitambaa chake. Ndani mlikuwa na kokoto moja nyeusi, imelainika upande mmoja.

"Hii ndiyo niliyotembelea," akasema. "Wote saba. Ivae."

Alikuwa akimpa kitu anachokipenda, hilo niliona. Siwema naye aliona. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kiatuni, akavaa, akakanyaga.

Akakanyaga tena.

"Siisikii, mama," akasema polepole.

Sindano, bila kuuliza Baraza, ilikuwa imetia ganzi mpaka unyayo. Mguu ulikuwa na nguvu, kokoto haikuwa na neno.

Tukatoka chumbani, tukaingia ukumbini. Mimi nimemshika mkono wa kushoto, Salha anafuata na dripu, Bi. Kidawa nyuma. Mwisho wa ukumbi Bwana Ngwali alikaa kwenye kiti chake cha kazi, na nyuma yake mkokoteni uko tayari. Tulipofika katikati, Bi. Kidawa akasogea sikioni kwa mkwewe, na maneno aliyosema nayanukuu kama nilivyoyasikia.

"Sema kisigino."

"Lakini hakiumi, mama."

"Changu nacho hakiumi. Kiliota sugu zamani, hakisikii tena. Kila siku nasema kisigino. Sote tunasema kisigino, mwanangu. Sema tupite."

Siwema alisimama. Wimbi lilikuwa limekuja. Akaniegemea, akapumua, likapita mlango wa jirani. Alipoinua kichwa alimtazama Tunu mgongoni kwangu, kisha akashusha macho hadi kwenye tumbo lake. "Nikisema kisigino leo," akasema, "na huyu atakuja kusema kisigino." Tukaendelea.

"Unaumwa wapi, mama?" Bwana Ngwali aliuliza, na hata kalamu alishaiinua.

"Siumwi popote, baba."

Kalamu ikabaki hewani. "Kokoto huna?"

"Ninayo. Haiumi."

"Basi huna miguu."

Siwema akatazama chini, kisha akamtazama yeye. "Na hii ni ya nani?"

Nesi Salha akakohoa. Bwana Ngwali hakucheka. "Simama hapo ulipo."

"Nikisimama nahangaika. Niwie radhi, nitageuka hapa nirudi."

"Nitaita mkokoteni!"

"Uite, baba yangu. Utanikuta nikirudi." Akageuka, nasi tukageuka naye.

Nilisikia magurudumu yakianza kulia nyuma yetu. Mwenye mkokoteni alikuwa na kokoto kubwa kiatuni, kwa hiyo alikuja kwa shida, hatua na kugumia, hatua na kugumia, na mwanamke aliye karibu kuzaa alikuwa akimwacha. Watu walichungulia milangoni. Wanawake waliolazwa chali waliinua vichwa. Tulifika mwisho wa pili, tukageuka, tukakutana na mkokoteni katikati ya ukumbi. Mwenye mkokoteni akatusogelea, akaona tunakuja, akatupisha.

Tulipomfikia tena Bwana Ngwali, alikuwa amesimama. Jasho lilimtoka. "Bibi, sheria inasema asiyeumwa hawezi kutembea."

"Nimesikia."

"Na wewe huumwi."

"Siumwi."

"Na unatembea."

"Natembea."

Akakaa chini. "Ngoja nifikiri."

"Fikiri, baba, mimi natembea."

Akafikiri. Alifikiri tukienda na tukirudi. Aliita Walala wawili waliokuwa karibu, wakafikiri naye. Akaitwa Mtembezi mmoja, akafikiri upande wake. Mkono wangu ulichoka, na kabla sijasema, mkono mwingine ukaja kumshika Siwema upande wa kulia. Ulikuwa wa Bi. Kidawa.

"Kweli huumwi?" alimuuliza kwa sauti ndogo, kama binti anayeuliza dada yake mambo ya ndoa.

"Siumwi, mama."

"Na miguu ipo?"

"Ipo."

Alitembea hatua kadhaa. "Kumbe," akasema.

Mara Siwema akakaza vidole. "Mama, anashuka. Namsikia anashuka, kuna mzigo huku chini." Salha akatuongoza chumbani, akavuta pazia. Siwema hakutaka chali. Alipiga magoti kitandani akakumbatia kichwa cha kitanda, nikamfuta uso, Bi. Kidawa akamshika nyonga. Alisukuma alipoambiwa, akatulia alipoambiwa, na kati ya moja na jingine alituuliza kama Tunu amekula. Mtoto alitokea mlango ule ule watokao watoto wote, hakupotea njia. Alikuwa msichana. Alikunja uso, akavuta pumzi, akapiga kelele ambayo ilisimamisha kila mchechemeo katika jengo lile.

Nje ya pazia tukasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya Bwana Ngwali, sauti ya mtu aliyepata hatimaye swali analolijua.

"Huyo anayelia, anaumwa wapi?"

Bi. Kidawa alikuwa amemshika mjukuu wake, hajamfuta bado.

"Haumwi!" akajibu. "Amefika tu."

Sheria ya Mguu Halali haijafutwa, nisiwadanganye. Nilipoondoka Bwana Ngwali alikuwa bado anafikiri, na mradi anafikiri hajahukumu. Kila asubuhi mkokoteni ulikuwa ukipelekwa nyumbani kwa Siwema, ukimkuta uani akitandaza nepi huku na huko, ukirudi mtupu. Salha aliniambia kwamba mama mmoja wa wodi ya pili ameomba aulizwe miguu, na mwingine. Kokoto nyeusi niliiona dirishani kwa Bi. Kidawa, imezuia karatasi zisipeperuke.

Langoni nilikutana na askari yule yule. "Unaumwa wapi, mama?"

Nilikuwa nimekwisha kuvua kiatu na kukung'uta. "Siumwi."

"Na mtoto? Meno bado?"

Nilimshusha Tunu chini, akainua mikono, akashika njia. "Yameshatoka," nikasema. "Haumwi."

Akapiga filimbi. Hatukungoja. Nyuma yetu nilisikia mkokoteni ukija, ukilia magurudumu, ukichechemea, na mbele yangu mwanangu akayumba, akajishika, akaenda.